Dhamana ya Miaka Thelathini

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, mke wa mwashi alikuwa akipiga pasi shati la tatu la karani wa posta alipoona mwanga umelala juu ya kola. Ulikuwa mwembamba kama uzi na ulitoka bega hadi bega. Akalivuta shati, mwanga ukabaki mezani. Akainua macho kutafuta ulikotokea, akaona paa halijakaa tena juu ya ukuta. Kati ya tofali la mwisho na ubao wa kwanza palikuwa na upenyo wa kupitisha kijiti cha kiberiti, na upenyo huo ulizunguka nyumba yote, vyumba vitatu na sebule, bila kukatika mahali.

Alimaliza shati kwanza, kwa sababu makaa yalikuwa yameshika vizuri na makaa hayana subira. Kisha akaiweka pasi juu ya kigae chake, akaenda mlangoni kwa mama mkwe.

"Mama, paa limeachana na ukuta."

"Nimeliona tangu alfajiri," alisema mama mkwe. Alikuwa kitandani, mahali alipokuwa tangu nyonga yake ilipovunjika miaka miwili nyuma, na mtu anayelala chali mchana kutwa huyajua mambo ya paa kabla ya wengine. "Hata mimi ningekuwa bati ningechoka kulala kifudifudi juu ya watu walewale miaka kumi na mitatu."

"Upepo unakuingilia?"

"Unaniingilia, lakini una adabu. Niletee chai."

Mwashi alirudi mchana, miguu imejaa saruji ya ukuta wa watu. Mkewe akamwonyesha upenyo kwa kidole. Alichukua timazi yake, akapanda juu ya kigoda, akaining'iniza kwenye ncha ya paa, akasubiri kamba itulie. Kile kipande cha chuma kikasimama sawasawa juu ya pembe ya ukuta, hakikwenda kulia wala kushoto.

"Limekwenda wima," alisema, kama mtu anayesifu kazi ya mwenzake. Akashuka. "Hili ni jambo la mchana mmoja. Nikoroge saruji kidogo, nipige zege jembamba juu ya ukuta, jioni nimelikamata."

Alikuwa ameshashika mwiko, mkewe akamwambia, "Ngoja kwanza tusome."

Kusoma ilikuwa kazi ya mke. Alikuwa ameishia darasa la tano, na mumewe hata hapo hakufika. Cheti cha kampuni ya mabati kilikuwa ukutani sebuleni, kati ya saa na picha yao ya harusi. Juu kimeandikwa HATI YA DHAMANA, ingawa nyumbani waliiita waranti, kama kila mtu. Kilikuwa na duara la rangi ya dhahabu na picha ya nyumba nzuri isiyo na watu. Siku walipokabidhiwa, mwashi hakula kwanza. Alikipeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha kutolea kopi kikapigwe plastiki, ili maji, mende na vidole vya watu visikifikie kwa miaka thelathini. Karatasi ya kulinda paa, alisema, nayo ilindwe. Na kwa kuwa upande wa nyuma ulikuwa na maandishi madogo madogo tu na mistari ya visanduku vitupu, akaomba upande huo ubandikwe kadi ngumu ya bluu kabla ya plastiki, cheti kisije kikajikunja. Yule wa kopi akasema mteja mwangalifu kama huyu hajapata kumwona.

Mke akaweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole, ingawa alikuwa ameshaukariri zamani.

"Kampuni inadhamini bati hili kwa miaka thelathini dhidi ya kutoboka, kutu na kupauka rangi. Dhamana hii itafutika endapo mtu yeyote asiyeidhinishwa na kampuni atagusa, atarekebisha, ataziba au ataongeza chochote kwenye paa, au kwenye kitu kinachokutana na paa."

"Ukuta unakutana na paa," alisema mwashi.

"Unakutana."

"Hata ukiwa ni wangu."

"Haikuandikwa ni wa nani."

Mwashi akautazama mwiko mkononi mwake. Kutoka chumbani mama yake akaita, "Mwanangu, jenga! Karatasi haina miguu, nani ataipelekea kampuni habari?"

"Mama, imebaki miaka kumi na saba," alijibu mwashi. "Nikiugusa ukuta leo, nimeitupa miaka kumi na saba."

Hakuwa mchoyo wala mjinga. Mama yake alikuwa amemlea katika vyumba vya kupanga, na mara tatu walikuwa wamehamishwa, mbili kati ya hizo mvua ikinyesha, godoro kichwani kwa mama na sufuria kichwani kwa mtoto. Siku bati la bluu lilipopigiliwa msumari wa mwisho, alimwingiza mama yake ndani, akamkalisha chini yake, akamwambia: "Mama, mvua haitakugusa tena mpaka unakufa." Mama akajibu kwamba basi na yeye hatoki tena humo mpaka atolewe amelala. Ahadi mbili hizo ndizo zilizokuwa zikishikilia nyumba, kuliko hata kenchi za paa. Mwashi alitaka kuitimiza ya kwake kwa miaka yote thelathini, wala si kwa mchana mmoja wa saruji.

Akauosha mwiko, ingawa haukuwa na kitu, akauweka mahali pake.

*

Ijumaa mke wa mwashi alikwenda kwenye ofisi ya kampuni. Hakuzoea kuzungumza na watu wa ofisini. Sauti yake ilikuwa na tabia ya kubaki nyumbani. Njiani aliyapanga maneno yake, akayapangua, akayapanga tena. Alipofika kwenye dirisha la malalamiko, mwanamke wa dirishani alikuwa akichonga penseli.

"Tatizo lako, mama?"

"Paa limepanda."

"Kiasi gani?"

"Kidole kimoja. Jumanne lilikuwa kijiti cha kiberiti."

"Linavuja?"

"Mvua haijanyesha."

"Basi halivuji." Mwanamke wa dirishani akaandika. Kisha akageuza fomu ili naye aione. "Hapa nina visanduku vitatu. Kutoboka, kutu, kupauka. La kwako ni lipi?"

Mke wa mwashi akavisoma vyote vitatu, kidole chini ya kila kimoja. "Hakuna cha kupanda?"

"Kilikuwepo. Fomu mpya zilipokuja wakakitoa."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanakitumia."

Mwishowe mwanamke wa dirishani aliandika neno *kupanda* pembeni, kwa penseli, na kueleza kwamba yaliyo pembeni hushughulikiwa baada ya yaliyo ndani ya visanduku. Mkaguzi angekuja ndani ya siku ishirini na moja za kazi. "Na msiguse chochote," alisema. "Wengi wanaharibu hapo. Mtu ana haki yake, anaigusa, inakwisha."

"Hatutagusa," alisema mke wa mwashi, akamshukuru mara mbili.

Siku ishirini na moja za kazi ni ndefu kuliko zinavyosikika. Wiki ya kwanza upenyo ulifika shubiri, na ndege shore wakaanza kuingia asubuhi upande wa jikoni na kutokea upande wa chumba cha mama mkwe. Wiki ya pili ulitosha kichwa. Jikoni moshi ulitoka wenyewe, na mke wa mwashi akakiri moyoni kwamba hiyo ni nafuu. Mchana jua lilizunguka kuta zote kwa zamu na kumwonyesha mikunjo kwenye nguo aliyokuwa haioni zamani, hata wateja wakasema siku hizi pasi yake imekuwa kali.

Jirani wa mbele, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alikuja kuangalia.

"Mama Pasi, kumbe mmehamia ghorofani?"

"Ghorofa la nini, jirani?"

"La hewa! Chini mnakaa nyie, katikati anakaa upepo, juu bati. Mpangaji wa katikati analipa kweli?" Akacheka peke yake mpaka akamaliza, kisha akashusha sauti. "La shemeji yangu lilikwenda pembeni. Afadhali lenu, bado linawatia kivuli. Nina turubai, nikuletee mzungushe kabla mawingu hayajashikana?"

"Asante, jirani. Tukizungusha tutakuwa tumeziba."

"Si ndiyo maana yake, kuziba?"

"Imeandikwa tusizibe."

Redio akalitazama paa, akakitazama cheti ukutani, akamtazama shoga yake. "Haya," alisema. "Mwenye macho haambiwi tazama." Turubai akalitandikia dengu zake uani.

Kila jioni mwashi alisimama mlangoni akilipima paa kwa macho. Hakusema kitu, lakini mkewe alikuwa ameishi naye miaka ya kutosha kusikia hesabu zake. Kozi moja ya tofali, safu moja juu ya ukuta. Kozi mbili. Uani palikuwa na rundo la matofali yaliyobaki tangu ujenzi, na macho ya mwashi yalikwenda kwenye paa, yakarudi kwenye rundo, yakaenda tena.

Walimwita pia fundi aliyeliezeka, ambaye jina lake la kazini lilikuwa Paka. Yeye alikuwa ametoa waranti ya mdomo, alipokuwa bado juu, msumari kati ya meno: "Likitikisika, niiteni." Alikuja siku ileile aliyoitwa. Akapanda juu ya meza ya kupigia pasi, akapitisha macho kwenye kenchi msumari kwa msumari, mikono mgongoni asiguse, akanusa.

"Halijatikisika," alisema. "Msumari wangu haujatoka hata mmoja. Tazama, umeshika mpaka unatia aibu. Bati limeshika papi, papi imeshika kenchi, kenchi imeshika ubao. Wote wamekwenda pamoja, kama ndugu. Kilichoachia ni ukuta."

Halafu akakumbuka ukuta aliujenga nani.

"Kaka, sikusema una kosa," aliongeza.

"Hukusema," alisema mwashi.

Paka alipoondoka, mwashi aliizunguka nyumba yake akipapasa kuta kwa kiganja, pembe kwa pembe. Aliweka pimamaji juu ya kila dirisha. Kila mahali kipovu kilikaa katikati. Mkewe alikuwa akianua nguo, akajifanya hamwoni, maana mwanamume anapoiuliza kazi yake swali hapendi mtu asikie jibu.

*

Mkaguzi alikuja siku ya ishirini na sita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na alikuja na ngazi, futi na kamera ndogo. Siku hiyo upenyo ulikuwa umefika urefu wa mkono wa mtu mzima. Alipanda, akakaa huko juu muda mrefu, akashuka akijifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mama, baba, nawapongeza," alisema. "Miaka tisa nimekagua mapaa. Bati safi namna hii sijaliona. Halina kutu, halina jani, halina kinyesi cha popo. Rangi yake ni ya dukani. Linapata hewa chini na juu, hiyo ndiyo siri."

"Lakini limepanda," alisema mwashi.

"Hapo ndipo pa kuangalia vizuri. Inawezekana paa limepanda, na inawezekana nyumba imeshuka. Kama nyumba imeshuka, hilo ni la msingi, sisi hatuhusiki. Nani alijenga msingi?"

"Mimi."

"Ahaa," alisema mkaguzi, kwa huruma, akaandika.

Mwashi akamwonyesha kizingiti cha mlango: kilikuwa palepale, vidole vitatu juu ya ardhi, kama siku alipokiweka. Mkaguzi akapima, akakubali vidole vitatu, akaandika kwamba nyumba haijashuka *kwa madai ya mwenye nyumba*.

"Nikuombe kitu," alisema mwashi. Mkewe hakuwa amepata kumsikia akiomba. "Wingu la mvua lile kule. Nina matofali. Leo ni kozi nne tu, bado nalifikia. Wiki ijayo sitalifikia. Niruhusu nijenge, muhuri wenu utakuja nyuma."

"Baba, ukijenga, utakuwa umegusa kitu kinachokutana na paa."

Kutoka chumbani sauti ya mama mkwe ikapita juu ya ukuta, maana sasa sauti zote zilipita huko. "Halikutani na chochote, baba! Si ndilo tunalokwambia!"

Mkaguzi akafikiri. Ilikuwa hoja nzuri, na alikuwa mtu wa haki. "Hilo, mama, ni la kamati," alisema. Akapiga picha kumi na mbili za paa, akasogeza ngazi ili nyumba isiingie kwenye picha, akaaga.

Baada ya hapo paa halikupanda tena kwa vidole. Jumatatu lilikuwa juu ya ngazi ya mwashi. Alhamisi lilikuwa urefu wa watu wawili, wima vilevile, kivuli chake kikiangukia nyumba saa sita na bustani ya Redio saa kumi. Rundo la matofali uani lilikuwa palepale. Mkewe aliona siku mwashi alipotoka jioni, akasimama mlangoni kama kawaida, akatazama chini tu.

*

Barua ya kamati ilisema mwenye dhamana afike na hati halisi. Mke wa mwashi akakitungua cheti, akakifunga ndani ya khanga safi, akakipakata njia nzima.

Bwana wa kamati alikuwa peke yake. Wenzake katika kamati, alieleza, walistaafu na nafasi zao hazijajazwa. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala akiwa amevaa viatu. Alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakisoma mbele, akakigeuza, akaona kadi ya bluu.

"Nyuma kuko wapi, mama?"

"Kuko ndani. Tuliiweka kadi ili hati isijikunje."

"Unajua huku nyuma kuna nini?"

Mke wa mwashi akasema kulikuwa na maandishi madogo na visanduku.

"Visanduku thelathini," alisema bwana wa kamati. "Kimoja kila mwaka. Mwenye paa anakuja ofisini na hati, mkaguzi anakwenda, anarudi, tunagonga muhuri. Mwaka mmoja usipogongwa, dhamana inafutika yenyewe. Maandishi madogo ndiyo yanasema hivyo."

"Tugonge leo," alisema mke wa mwashi. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Bwana wa kamati hakuwa na roho mbaya. Alifungua droo, akatoa muhuri, akaupumulia, akaugonga kwa nguvu kwenye kadi ya bluu, juu ya plastiki. Duara la zambarau likaonekana, na tarehe katikati. Kisha akapitisha kidole gumba, na duara lote likaja na kidole.

"Haushiki," alisema. "Si wewe wa kwanza. Watu waangalifu wote wanafanya hivi. Wale wazembe, wanaokunja hati na kuiweka chini ya godoro, wanakuja ina mchuzi, ina mihuri yote."

"Na hao mnawatengenezea?"

Aliurudisha muhuri kwenye droo. "Bado," alisema. "Wa mwisho bati lake lilipaukia kwenye kivuli cha mti. Kivuli hakimo kwenye dhamana."

Nje ya dirisha lori lilikuwa likipakia mabati mapya, na yalilia kila yalipowekwa. Mke wa mwashi alisubiri yanyamaze.

"Ilifutika lini, ya kwetu?"

Bwana wa kamati akahesabu kwa vidole, ingawa hapakuwa na haja. "Mwaka wa pili. Siku ya kwanza."

"Kwa hiyo mume wangu angeweza kujenga. Ile Jumanne."

"Mama, tangu mwaka wa pili mumeo angeweza kujenga hata mnara."

Akamrudishia cheti. Akamwambia kwamba paa bado ni mali yao kamili, popote litakapofika, na hakuna atakayewanyang'anya. Mke wa mwashi akakifunga tena ndani ya khanga. Alimshukuru mara mbili, kwa mazoea, na ya pili ilimuuma.

Nyumbani alimkuta mumewe amekaa juu ya rundo la matofali. Akamweleza yote kwa mpangilio: kadi, visanduku, muhuri, kidole gumba. Alipofika mwisho mwashi aliuliza swali moja.

"Tungejenga?"

"Tungejenga."

Mwashi akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Ile kadi nilichagua mimi. Yule wa kopi alikuwa na nyeupe na bluu. Nikasema bluu, ifanane na bati."

"Mimi ndiye niliyekuwa nasoma," alisema mkewe. "Miaka kumi na mitatu nasoma upande mmoja."

Wakakaa hivyo mpaka mama mkwe alipoita kuuliza kama wamekufa, maana kama wamekufa yeye hajala.

*

Mvua ilikuja Jumapili, saa tisa mchana. Paa lilikuwa limesimama kwenye kimo cha nguzo za umeme. Mwanzoni mvua ilinyesha wima, ikaanguka yote juu ya bati, ikateremka pembeni kama pazia kuuzunguka ukuta, na ndani hapakuingia hata tone. Walikaa watatu chumbani kwa mama mkwe wakiisikiliza huko juu, sauti ileile ya miaka kumi na mitatu ila ya mbali, kama redio ya jirani.

"Unaona," alisema mama mkwe. "Paa ni paa."

Kisha upepo ukageuka.

Walifanya kilichowezekana. Nguo za watu zilikwenda chini ya meza, na meza ikafunikwa kwa mkeka. Mwashi akasema ambebe mama yake hadi kwa Redio. Mama akashika kitanda kwa mikono yote miwili.

"Nimehamishwa mara tatu," alisema. "Ya nne tulikubaliana mimi na wewe itakuwa ipi."

"Mama, unalowa."

"Nalowa nikiwa kwangu."

Mwashi alisimama katikati ya chumba, maji yakimteremka shingoni. Halafu alitoka, akaenda sebuleni, akarudi na cheti. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akakishika kwa mikono miwili juu ya uso wa mama yake, upande wa dhahabu ukitazama juu. Mvua ikagonga kwenye plastiki, ikateleza, ikamwagikia sakafuni. Chini yake paji la uso, macho na mdomo vilikuwa vikavu. Mkewe alipochoka kuchota maji alimpokea, wakapokezana hivyo mpaka jioni.

"Haivuji," alisema mama mkwe. Hakuna aliyejua kama anatania.

Mwaka ulipokwisha wakawa wamezoea. Mke wa mwashi alijua pa kukaa kulingana na upepo, na alipiga pasi asubuhi tu. Mwashi alikuwa ameyauza yale matofali. Mkaguzi alikuja na ngazi yake isiyofika popote, kwa sababu paa sasa lilionekana hadi barabara kuu na kampuni ilitaka kujua linaendeleaje. Alilitazama akiwa amekinga macho kwa kiganja, akaandika *salama*. Alikuwa amewaletea kalenda mpya ya kampuni. Miezi yote kumi na miwili ilikuwa na picha ya paa lao, la bluu, angani, bila nyumba. Mke wa mwashi akaitundika kwenye msumari wa cheti, maana cheti kilikuwa kimehamia kitandani.

Mvua ikaanza mkaguzi akiwa bado hajaaga. Akaomba ajihifadhi kidogo, akakaribishwa ndani kama mgeni yeyote, akapewa kiti karibu na mama mkwe, ambaye siku hizo alikishika cheti mwenyewe, kwa mkono mmoja, kama mtu anayesoma gazeti. Mkaguzi alikuwa na fomu zake mapajani, na wino ulikuwa umeanza kukimbia.

"Mama," alisema, "naomba nisogee kidogo hapo chini."

Mama mkwe hakukisogeza cheti.

"Ya mtu mmoja, baba," alisema. "Imeandikwa nyuma."

Mkaguzi akaitazama ile kadi ya bluu. Maandishi yalikuwa chini yake; ilikuwa inawezekana kabisa. Akakohoa, akakivuta kiti chake karibu na ukuta, akaendelea kulowa pamoja na wenye nyumba.